Ruta ya Chumba cha Eda

Kazi yangu ni kuzifanya ruta, vile visanduku vinavyopitisha intaneti, zielewane. Ukisema hivyo kwenye baraza za Mji Mkongwe watu wanakuuliza bei ya vocha, basi siku hizi nasema tu kwamba mimi fundi wa intaneti, na hata hilo nalisema kwa kuchoka.

Ruta mbili zilizo jirani husalimiana kila baada ya sekunde chache, na kwa salamu hizo ndipo zinapojua njia zipo wazi. Salamu zikikosekana mfululizo, ruta inamhesabu jirani yake amekufa, inafuta njia zote zinazopita kwake, na kijiji kizima kinakaa bila mtandao. Haina subira, wala haitumi mtu kuulizia hali.

Ruta yetu ya mjini, inayopeleka mtandao kijijini Chwaka, ilikuwa ghorofani kwa mzee mmoja aliyetuachia paa tuweke antena na pembe ya chumba tuweke ruta. Mzee yule akafariki, akazikwa kwao Chwaka. Mjane wake akakaa eda katika chumba kile kile. Na tangu wiki ile, laini yetu ya Chwaka ikawa inakufa na kufufuka mchana kutwa.

Nilifanya yote ninayoyajua. Ruta ya mjini ilikuwa ikilalamika kwamba paketi, vile vifurushi vya data, zinazotoka Chwaka zinafika zimeharibika, nami nikaiamini, nikaenda Chwaka. Nikabadilisha waya, nikabadilisha antena, nikalinganisha mipangilio mstari kwa mstari mpaka macho yakaniwasha. Nikirudi mjini, hali ni ile ile. Kwa mjane sikuweza kuingia. Mwenye eda haingiliwi chumbani na mwanamme asiye maharimu wake, na mimi si mtu wa kuvunja heshima ya nyumba kwa ajili ya paketi. Ilifika hadi nikiona simu ya Chwaka inalia naigeuza kifudifudi.

Arobaini ya marehemu ikapangwa kusomwa Chwaka, baada ya alasiri. Mjane hakuweza kwenda. Akatuma kuniambia neno moja tu, kwamba anataka kuisikia dua ya mumewe; mpwa wake angeshika simu kule msikitini. Kuta za nyumba zile ni nene, simu peke yake haishiki humo ndani. Tegemeo lake lilikuwa ruta yetu.

Siku hiyo nikapiga hodi, nikapanda, nikakaa kwenye ngazi nje ya pazia na kompyuta mapajani. Zamani nyumba ile ilinukia udi tangu mlangoni. Siku ile haikunukia kitu, maana mwenye eda hajifukizi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. Vipi, leo ntasikia?"

"Inshallah," nilisema, na moyoni sikuwa na hata chembe ya matumaini.

Nikawa natazama hesabu ya paketi mbovu. Upepo ukavuma, kitu kikagonga chumbani, hesabu ikaruka. Nikangoja. Kikagonga tena, ikaruka tena.

"Bi, kinachogonga nini?"

"Dirisha. Nshalibana tokea nianze eda, lakini upepo unalitikisa. Mbele hapo pashakuwa hoteli, wageni wanakaa roshanini wanatazama ndani utadhani kwao."

"Na waya unaoshuka kutoka juu umepita wapi?"

Nikasikia hatua zake zikienda dirishani. "Papo hapo dirishani. Umebanwa."

Nilitaka kucheka nikaona nitalia. Mimi nilikuwa nikipanda na kushuka mnara Chwaka, kumbe dirisha la mjini ndilo linalotafuna waya.

"Lifungue kidogo, Bi."

"Ngoja ntundike shuka kwanza."

Dirisha likalia, hesabu ikatulia. Ruta zikasalimiana, zikaendelea kusalimiana. Baadaye sauti za Chwaka zikaingia chumbani, watu wengi wakisoma pamoja, kisha dua, na jina la marehemu likatajwa. "Amin," alisema nyuma ya pazia, tena na tena, mpaka dua ikaisha. Laini haikukatika.

"Sasa usilibane tena, Bi," nikamwambia. "Tia kitu katikati, lisikandamize waya. Kesho ntaleta waya mpya."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Palikuwa na kijiti," alisema. "Yeye akikitia kila akilifunga. Nami nkimgomba kila usiku, dirisha halifungi, mbu wanaingia. Akinambia tu, kiache, kina kazi yake. Nlipoanza eda nkakitoa, nkakitupa humu humu chumbani, hata sijui wapi."

Nikafunga kompyuta.

"Baba, lazima kiwe kile kile?"

"Hapana, Bi. Kijiti chochote kinatosha."

"Haya," alisema.

Nilipokuwa nashuka ngazi nikasikia kitanda kikiburutwa, na mkono ukipapasa uvunguni.