Msafara wa Mama

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, tuliletewa pia ambulensi mpya. Zilikatiwa utepe, zikaombewa na mchungaji na shehe, kisha zikazungushwa mjini ving'ora vikilia huku wakubwa wakipunga mikono madirishani. Nilikuwa pale na mama yangu. Tunakaa Bondeni, na yeye alipenda sherehe hata ya mtu asiyemjua. Alinigusa kwa kiwiko akasema, "Sasa hata tukigonjeka, tuko sawa." Nilimwamini. Siku hizi nikiona utepe napandwa na hasira.

Mama aliwauzia wachoma nyama wa Kikopey, kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi, nyanya na vitunguu vya kachumbari. Desemba moja, wakati Wanairobi wanaporudi kwao mashambani kwa sikukuu, nilikwenda kumsaidia mizigo. Alikuwa akibishana na mwenye bucha kuhusu nyanya zilizopondeka, na kwa kubishana hakuwa na mpinzani. Katikati ya maneno mdomo wake ulienda upande. Mkono wa kulia ukalegea, nyanya zikamwagika.

Ambulensi ilifika upesi, hilo sitalikana. Nesi alimtazama akaniambia ni kiharusi. Nakuru kulikuwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini haikuwa na faida kwa aliyechelewa. "Tukiwahi, atarudi karibu vile alivyokuwa," alisema.

Barabara ilikuwa imejaa magari. King'ora kilipolia yalisogea kando, moja baada ya jingine, nami nikawashukuru kimoyomoyo watu nisiowajua. Kisha nikatazama nyuma. Nafasi tuliyopewa ilikuwa imeshaingiwa. Gari dogo jeupe lilikuwa limetushika mkia, jingine nyuma yake, halafu pikapu, halafu basi, wote wamewasha taa za dharura kama wana mgonjwa wao. Kwetu huo ndio ujanja. Unafuata ambulensi, unawahi kwenu, na jioni unawasimulia wenzako ulivyokwepa jam huku ukitafuna mbuzi. Wanaokusikiliza hucheka.

Mama alikuwa ameinuliwa kichwa, macho yake kwenye dirisha la nyuma. Ulimi ulishakuwa mzito, lakini nilimwelewa.

"Hao wote ni wetu?"

Zile taa zilimfanya adhani ni msafara wa jamaa, kama ule wa harusi. Nilikosa nguvu ya kumwambia ukweli.

"Ni wetu, mama."

Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akawapungia. Dereva wa gari jeupe akamjibu kwa kuwasha taa kubwa.

Karibu na Mbaruk lori lilikuwa limeanguka na kuziba barabara yote. Dereva wetu alijua njia ya vumbi inayozunguka hadi Lanet. Tulikuwa tumeipita muda si mrefu. Alichohitaji ni kugeuza tu. Lakini mbele kulikuwa na lori, kulia mtaro, kushoto wale waliotupisha kwa heshima, na nyuma jamaa zetu.

Nilishuka nikaenda kwa yule wa gari jeupe. Alikuwa na mkewe na watoto.

"Boss, rudi nyuma kidogo tugeuze. Tuna mgonjwa, ni mama yangu."

"Nirudi wapi, madam? Si unaona hata mimi nimeblokiwa?"

Nilimwendea wa pili, na wa tatu, na wa basi. Kila mmoja alinionyesha aliye nyuma yake. Hakuna aliyenitukana, na nadhani hata matusi yasingeniuma kama ile adabu. Mmoja alinipa chupa ya maji. Nikiwa narudi, wa gari jeupe alishusha kioo.

"Mathe anaendeleaje?"

"Anazidiwa."

"Woi, pole sana. Njia ikifunguka nyinyi endeni tu, tuko nyuma yenu."

Na kweli walikuwa nyuma yetu. Lori lilipoburutwa kando hatimaye, tuliingia mjini na mkia wetu wote. Tulipokata kona kwenda hospitali, hakuna hata mmoja aliyekata nasi. Daktari aliniuliza hali ilianza saa ngapi, nikamwambia, akamtazama nesi na hakuitaja ile dawa.

Mama yuko hai, na watu wa kanisani huniambia nishukuru. Sishukuru. Mwanamke aliyekuwa akiwashinda wenye bucha kwa maneno sasa anaketi mlangoni hapa Bondeni bila neno hata moja. Lile swali lake ndani ya ambulensi ndilo la mwisho alilonena, na jibu alilobaki nalo ni uongo wangu.

King'ora kikipita barabarani, anainua mkono wa kushoto. Hapungii ambulensi yenyewe. Anangoja ipite kwanza, kisha anayapungia magari yanayoifuata, mpaka la mwisho.