Shokapu Nilizomchagulia Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua shokapu kwa kufikiria mzigo, wakati aliyekaa nyuma ya pikipiki yangu kila Jumapili alikuwa mama.

Zile za zamani, springi mbili za nyuma zinazomeza mashimo ya barabara, zilikuwa zinavuja mafuta. Ufundi sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kufungua vitu na kutazama video kwenye simu, kwa hiyo naogopa sana kukosea. Nilizipima kwa rula, tundu hadi tundu, mara nne. Dukani Mlandege, Iringa mjini, nikapanga jozi tatu juu ya kaunta, nikazikandamiza moja moja kwa kifua. Muuzaji akacheka.

"Dogo, unanunua shokapu au unachumbia? Chukua hizi ngumu. Huko kwenu Mufindi wote wanazitaka. Gunia mbili za viazi, haziinami!"

Kwetu Igowole, hukohuko Mufindi, ndivyo tunavyopima: isiyoinama ndiyo nzuri. Nikachukua ngumu.

Jumapili hiyo nikampeleka mama kanisani. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama tangu sijazaliwa. Alikaa upande, kitenge amekibana magotini, kama siku zote. Tulipofika nikamuuliza, "Mama, si nzuri?"

"Nzuri, baba. Haziyumbi."

Jumapili ya tatu akasema baridi imezidi, atasali nyumbani. Zilizofuata vilevile. Nikaamini, maana ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa nne. Kisha asubuhi moja nikamkuta uani analikunja blanketi dogo, analijaribu juu ya kiti cha pikipiki. Aliponiona akalificha nyuma yake.

"Mgongo tu," akasema. "Ulizihangaikia sana hizo shokapu. Ningesemaje?"

Nililegeza springi mpaka mwisho, bado zikawa ngumu. Wiki hiyohiyo nikaenda Mbeya, kwa fundi niliyeelekezwa. Nikamfungulia daftari langu la vipimo. Hakulitazama.

"Nani anakaa nyuma?"

"Mama."

"Ana kilo ngapi?"

Sikujua. Unene wa springi niliujua kwa milimita, uzito wa mama sikuujua. Nikasema ni mwembamba, na siku hizi amepungua zaidi.

"Sasa kijana, mama mwembamba umemfungia shokapu za kubebea mbao?" Hakucheka. Akanitafutia jozi laini.

Nikazifunga, tukaenda kanisani Jumapili mbili. Ya pili, kwenye kipande kibaya cha barabara kabla ya kanisa, nilimsikia nyuma yangu akiimba ile sauti yake ya pili, taratibu. Baada ya hapo mgongo ukamlaza. Hospitali walisema ni ugonjwa wa muda mrefu, na hakuinuka tena.

Ndugu wananiambia shokapu hazikumuua. Najua. Lakini zilimnyima Jumapili tano, naye hakuwa amebakiwa na nyingi. Mazishini kwaya yake iliimba, nami nikawa nasikiliza pale ambapo angeingia yeye.

Siku hizi majirani wananiletea pikipiki zao niwachagulie shokapu. Kabla sijatoa rula nauliza nani anakaa nyuma, na kama yupo karibu naomba aje akae. Simuulizi tena kama ni nzuri. Namuuliza wapi panauma, halafu nanyamaza mpaka ajibu.