Uji wa Dorca na Mizani ya Mafuta

Dorca Nakhungu hajui kumtazama mtu mwenye njaa akanyamaza. Waulizeni watu wa soko la Otonglo, alikouza uji wa wimbi miaka mingi, akiwajazia vikombe hata wasioagiza. Basi chuo kimoja cha Kisumu kilipomwajiri kupokea vijana wanaokuja kupimwa mafuta ya mwili, alijifunga kitambaa kipya kichwani, akaja na uji kwenye chupa yake kubwa ya chai. Utapokeaje watu mikono mitupu?

Kazi ilikuwa hivi. Daktari Bridget alitaka kujua ni njia gani ya kupima mafuta inayoaminika. Kijana anapanda bila viatu mizani ya umeme inayosoma uzito na mafuta. Halafu anangoja kwenye benchi, anaitwa kubanwa ngozi kwa koleo dogo la kupimia unene, mkononi, tumboni, mgongoni, kisha anapanda mizani tena, ionekane kama itasema lile lile. Wote waje bila kula wala kunywa.

Na benchi lilikuwa la Dorca.

"Mama, Daktari alisema tusile," alinong'ona Frankline, kijana mrefu mwembamba, mchezaji wa mpira.

"Alisema mje bila kula. Si mmeshakuja?"

"Tumekuja."

"Na mizani si umepanda?"

"Nimepanda."

"Basi kunywa, mwanangu. Hakuna mtu atazimia kwa benchi yangu."

Akanywa, akaongezwa, akaongezwa tena. Shantel aliyekaa karibu naye hakusubiri kubembelezwa.

Ndani, mambo yakachafuka.

"Frankline, umenenepa ukiwa umekaa tu?" Daktari alishangaa. Akampandisha Shantel. Naye kanenepa! Kila aliyetoka kwenye benchi lile alikuwa na mafuta zaidi ya yale aliyoingia nayo. Daktari akavua miwani. "Mizani hii ni mbovu. Inarudi Nairobi, na kazi imesimama. Mama Dorca, na wewe kaa nyumbani mpaka nikuite."

Dorca akawaza. Akinyamaza, kazi imekufa. Akisema, huenda kazi ikaendelea, lakini bila yeye. Akaikumbatia ile chupa.

"Daktari, mizani haina makosa. Ni uji."

"Uji gani?"

Frankline akafuta haraka uji uliobaki kwenye masharubu, lakini alikuwa amechelewa. Daktari aliyatazama, akaitazama chupa, akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Kumbe! Uji umeingia tumboni, mizani ikauhesabu kuwa mafuta. Mama, lakini kwa nini?"

"Nifukuze tu, Daktari. Mtoto wa watu alikuwa anatetemeka kwa njaa."

"Nani amesema nafukuza mtu? Kesho tunaanza upya. Lakini hiyo chupa iende mlango wa kutokea!"

Kesho yake Dorca aliketi bila kikombe mkononi. Mateso hayo usiombe. Vijana wakamchokoza: "Mama, leo hutupendi?"

"Nyamazeni, msinijaribu!"

Frankline akapanda mizani, akabanwa, akapanda tena. Safari hii mizani haikubadili maneno. Shantel, vivyo hivyo. Daktari akapiga makofi peke yake kama yuko kanisani.

Dorca hakungoja kuambiwa. Akazunguka nyumba mbio, kitambaa kikimtoka kichwani, akafika mlango wa kutokea kabla yao, akaanza kumimina.

"Haya, piteni huku!" akaita. "Sasa mnenepe vizuri, hakuna anayepima!"