Bendi ya Jivu na Makaburi ya Mkonge

Katika maelezo haya nimetenganisha ya kusikia na ya kuona. Niliyoyasikia kabla ya kuondoka Kilosa ni kwamba mpwa wangu Yusufu na wenzake wawili wameanzisha bendi Mikumi, iitwayo Jivu. Kwamba hujipaka nyuso kama maiti, huita wafu na kunywa damu ya mbuzi. Kwa maneno hayo tu ukoo uliitisha kikao cha kumfukuza. Mama yake, Zaina, ambaye ni mdogo wangu, alinijia kijijini kwangu Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa. "Kaka, nenda ukaone," alisema. "Mimi nikisema, wataniambia ni uchungu wa mzazi."

Asubuhi nilipanda basi. Miaka hiyo mashamba ya umma yalikuwa yakiuzwa, na barabara ilipita kando ya moja lililokwisha kupata mwenyewe mpya. Baba yake Yusufu, mkata mkonge, alizikwa humo. Mzee Salehe, msemaji wa ukoo, alikuwa ametuhakikishia kuwa makaburi yamezungushiwa uzio. Kutoka dirishani niliona vumbi la trekta tu.

Mikumi, mchana, malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara kuu. Nilimuuliza mwenye gesti, Mama Tedi, habari za damu.

"Damu, baba? Hao hata soda moja wanagawana! Ila makelele yao, kuku wangu wameacha kutaga."

Alasiri aliniongoza hadi kwenye banda la kuziba pancha. Vijana watatu walikuwa wamejipaka chokaa na masizi. Muziki wao, roki nzito ya Ulaya, waliujua kwa kanda aliyowaachia dereva mmoja wa lori. Mwimbaji, Deo, alikuwa mjukuu wa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge. Kabila lake na letu hutaniana, kwa hiyo ni mtani wetu.

"Shikamoo, mtani. Kumbe hawajakuzika bado?"

"Marahaba. Wanangoja wewe ujifunze kushika jembe."

Madereva wa malori waliokuja kusikiliza walicheka, kisha muziki ukaanza na kicheko kikakatika. Gitaa la Yusufu lilikwaruza kama mashine ya kusaga iliyokaukiwa mafuta, ngoma zikaenda mbio pasipo kupumua, naye Deo akapiga ukelele wa mtu anayechomwa. Sikuupenda muziki ule, wala siupendi leo. Lakini nyuso zile nilizitambua. Katika mazishi ya kwetu watani hujipaka unga na majivu, huruka kaburini, humtukana marehemu mpaka wafiwa wapate nguvu. Waliowashitaki vijana wale wameyaona hayo tangu utotoni. Walichokosa ni kwenda kutazama.

Wimbo wa mwisho ulikuwa majina matupu. Deo aliita jina, gitaa likajibu, akaita jingine. Mojawapo lilikuwa la shemeji yangu, baba yake Yusufu.

Walipomaliza, Yusufu alikuja akijifuta. "Mjomba, trekta limepita juu ya baba. Nimeona kwa macho yangu. Nilipowaambia nyumbani, Mzee Salehe akasema nimevuta bangi."

"Mama yako anajua?"

"Nianzie wapi kumwambia?"

Siku iliyofuata, nikirudi, niliteremka shambani. Hapakuwa na uzio. Palikuwa na matuta mapya, na kibao kimoja cha jina kilichopasuka katikati.

Kikaoni nilieleza yote hayo, Zaina akisikia. Mzee Salehe aliniambia, "Watu wengi wamesema, nawe u peke yako."

"Wengi wamesema," nikajibu. "Nani ameona?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Hata hivyo walimfukuza. Kuhusu makaburi walisema yatazungumzwa siku nyingine.

Baadaye nilisikia kuwa bendi ilivunjika kabla ya mvua za masika, na kwamba Yusufu alidandia lori kwenda Zambia. Hayo siwezi kuyathibitisha.

Ninachothibitisha ni cha asubuhi iliyofuata kikao, nilipompeleka Zaina shambani kwa miguu. Alifika kwenye matuta, akafungua pindo la kanga alimofunga jivu la jikoni kwake. Alijipaka paji la uso, kisha mashavu. Akaliita jina la mumewe kwa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Dereva wa trekta alizima injini. Zaina akaita tena.