Mapazia ya Gari la Mkate

Shemeji yangu Nyangau aliendesha gari la mkate kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote mke wake hakuwahi kulipanda. Mlangoni palikuwa na maandishi mekundu: HAKUNA ABIRIA. Bitutu, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa akisimama kando ya barabara hapa Keumbu, gari linapita kwenda Nyaramba, anapungiwa mkono kama mtoto wa shule. "Nikistaafu nitakuzungusha mpaka uchoke," Nyangau alikuwa akimwambia. Mimi nilikuwa nikisema ahadi ya dereva haina breki.

Lakini alistaafu kweli, na kampuni ilipouza magari yake makuukuu akalinunua lile lile lake. Akakata dirisha ubavuni. Akaweka kitanda cha chuma ambacho mchana kilikunjwa kikawa benchi, jiko dogo la gesi, beseni la kuoshea vyombo, na nyuma kabisa akawatandikia mbwa wake wawili gunia lililojazwa sponji. Mbwa wenyewe ni Watasema na Chairman. Watasema alipewa jina hilo kwa ajili ya majirani, na majirani wanajua. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu sokoni, kwa hiyo nikashona mapazia: kitambaa cha buluu chenye maua ya njano. Nikayatia marinda pia, maana sipendi kazi ya nusunusu.

Soko zima lilisema wazee wameiga wazungu. Waache waseme. Safari ile haikuwa ya anasa. Dada yangu alikuwa anapofuka. Daktari wa macho mjini Kisii alimwambia ni presha ya macho, imekaa sana, na dawa itachelewesha tu. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza, aliweza kuchambua maharagwe na kuona kila jiwe. Ikifika saa nne, kila kitu kilikuwa moshi. Na katika miezi hiyo hiyo binti yake wa pekee, Loice, aliyeolewa Nyamarambe, akajifungua mtoto wa kike baada ya mimba tatu kuharibika. Wakamwita Esnah, jina la marehemu upande wa mume.

Bitutu alitaka jambo moja tu: kuutazama uso wa mjukuu wake asubuhi kadhaa, mpaka aukariri, halafu macho yaende yakitaka.

Mgeni atauliza, si aende tu? Kwetu Wakisii mzazi haruhusiwi kulala kwa binti aliyeolewa. Ni chinsoni, ile heshima na haya iliyopo kati ya wazazi na wakwe, na haichezewi. Unakwenda mchana, umevaa vizuri, unalishwa kuku, unasomewa hotuba, na giza likikaribia unaaga. Tulikwenda hivyo mtoto alipokuwa na wiki mbili. Tulifika saa saba, jua la utosi, na Bitutu akapakata blanketi tatu akitazama moshi. Huwezi kurudi kesho yake, kwa wakwe hakuendwi kila siku kama kusagisha unga posho mill. Mtoto naye alizaliwa kabla ya siku zake, na daktari wake alikataza asisafirishwe kwenye baridi. Loice alituma picha, lakini mwanga wa simu ulimchoma dada yangu machoni, akaona mng'ao tu.

Watu husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliyesema hivyo alikuwa anaona.

Basi siku Nyangau alipokuwa anafunga mapazia yangu kwenye gari, mimi na domo langu tukaanza.

"Shemeji, kwa Loice huwezi kulala ndani ya nyumba yake, sawa. Lakini si sasa uko na nyumba yako? Ingia na hiyo, lala kwa hiyo. Nani atakuuliza?"

Nyangau alishusha bisibisi akanitazama, kisha akacheka mpaka Chairman akaanza kubweka. "Jacinta, ungesoma ungekuwa wakili." Nilijisikia mtu wa maana siku nzima.

Waliondoka mwezi wa nane, Jumatatu. Nyaramba walikwenda kwanza, kwa sababu Nyangau alitaka mkewe aone njia aliyopita miaka yote ile akiwa peke yake. Walipiga kambi kando ya uwanja wa shule, na kulipopambazuka wakakuta kina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni na vitabu vya kliniki mkononi. Walidhani ni gari la chanjo. Mwanamke mmoja, mzee, alimtambua Nyangau akauliza kama mkate umerudi. Bitutu alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akatoka akawasalimia mmoja mmoja, akiwatazama watoto wao usoni wakati nuru bado ilikuwa nzuri.

Siku ya pili walilala juu ya milima ya Manga. Asubuhi waliketi karibu na ukingo, vikombe mikononi, mbwa wamejilaza miguuni, na Bitutu akaona mwenyewe mabonde, mabati ya nyumba na mashamba ya chai. Nyangau hakuhitaji kumweleza chochote. Dada yangu aliniambia kwamba hiyo ndiyo siku pekee aliyohisi kweli ameolewa na dereva. Huwa nikikumbuka maneno hayo nakasirika, maana siku moja kwa ndoa nzima ni kidogo.

Nyamarambe walifika Jumatano saa kumi na moja jioni. Loice alitoka mbio, akamkumbatia mama yake, akasema mtoto amelala, watamwona asubuhi. "Asubuhi ndiyo nataka," Bitutu akasema. Mumewe Loice, Duncan, ni kijana mpole, akamwonyesha baba mkwe wake pa kuegesha, karibu na ghala la mahindi. Bitutu akawasha jiko, Nyangau akakunjua kitanda na kukitandika, mbwa wakashuka kunusanusa. Mapazia yakavutwa.

Chai haijachemka, mzee Onchiri, baba yake Duncan, akaingia na wazee wawili. Mikono walipeana vizuri. Kisha akalizunguka lile gari lote, polepole, kama anayenunua ng'ombe.

"Mzee Nyangau, karibu sana. Hii ni gari ama ni nyumba?"

"Ni gari, mzee. Gari yangu ya kazi, ile ya mkate."

"Gari iko na pazia?" Akaligusa pindo kwa fimbo. "Iko na marinda, hata. Gari inachemsha chai?"

Nyangau akasema kwamba wao wameheshimu, ndiyo maana hawakuingia kulala kwa watoto.

"Yaya," Onchiri akasema, yaani hapana. "Afadhali mngelala kwa sitting room. Hiyo mngeomba msamaha na iishe. Lakini mtu akiwasha moto, akitandika kitanda yake na bibi yake, hiyo amejenga. Wewe umejenga nyumba kwa boma ya mkwe wako! Na mbwa umeleta. Mgeni hatembei na mbwa. Mtu hutoka na mbwa yake akihama."

Nyangau ndiye aliyenisimulia haya. Mzee yule alikuwa na haki kwa mujibu wa mila ile ile tuliyodhani tumeizunguka. Ningekuwapo ningemtukana tu, basi.

"Mwacha mila ni mtumwa," mzee mmoja akaongeza, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Duncan alikuwa anatazama viatu vyake.

Wakazima jiko, wakakunja kitanda, wakatolewa nje ya lango kabla jua halijazama. Gari likaegeshwa kando ya barabara, hatua kumi na tano kutoka kwa mtoto. Bitutu hakulalamika. Alimwambia mumewe kwamba lango si ukuta, Loice atamleta mtoto asubuhi, atamtazama hapo hapo barabarani.

Kulipokucha Bitutu alikuwa ameshanawa na kukaa mlangoni mwa gari, na leso safi mapajani ya kumpokelea mtoto. Ukungu ulikuwa mwepesi, nuru ile hasa aliyoitaka. Loice akaja. Alikuwa amebeba chupa ya chai.

"Mtoto yuko wapi?"

"Wamesema asitoke, mama. Asishikwe na nyinyi mpaka wazee wakae, mambo itengenezwe."

"Watakaa lini?" Nyangau akauliza. "Mbuzi ya faini nitaleta leo."

"Baada ya mavuno." Loice akaiweka chupa chini. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mimba tatu zimetoka kwa hii boma, baba. Kila moja walisema ni mimi nilivunja mwiko. Sasa huyu akiugua hata homa watasema ni nyinyi. Nendeni tu, tafadhali. Nyinyi mtarudi Keumbu, mimi nitabaki hapa."

Bitutu alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Ule uso aliuona vizuri kabisa, kila mstari. Kisha akasema, "Sawa mama, rudi ndani, kuna baridi," akaikunja ile leso.

Hawakusimama popote njiani. Walipofika, Nyangau aliyafungua mapazia, akayakunja, akaniletea sokoni. "Shona kitu kingine," akasema, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo sitamsamehe. Yako chini ya meza yangu, na sijayakata. Gari linaoza nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye benchi, na mbwa wanalala chini yake kwa sababu hakuna aliyewaambia safari imekwisha.

Wazee walikaa mwezi wa kumi na mbili. Mbuzi alichinjwa, maneno mazuri yakasemwa, ikawa hakuna kosa tena. Kufikia wakati huo Bitutu alikuwa ananijua kwa sauti.

Mwezi wa nne mwaka huu Loice alimleta mtoto Keumbu, ameshaanza kujishikilia viti na kusimama. Wakamweka mapajani mwa bibi yake. Ilikuwa asubuhi, mlango wazi, nuru imejaa chumba kizima bila kazi. Dada yangu akaanza kumpapasa uso, taratibu, kutoka kidevuni, mashavu, pua, na mtoto akatulia.

"Loice atasema la kunipendeza tu, na mzee wangu analia," akasema. "Jacinta, wewe huna unafiki. Anafanana na nani?"

Nilimtazama mtoto. Yale masikio yaliyochomoza, lile paji pana lenye mkunjo katikati, hata namna ya kukutazama kama anayenunua ng'ombe. Alikuwa mzee Onchiri mtupu. Loice akainamisha kichwa.

"Ni wewe," nikasema. "Ni wewe mtupu."

"Nilijua," Bitutu akasema, akitabasamu, na vidole vyake vikaendelea kulisoma lile paji.