Mashine ya Kijiji Inataka Shikamoo

Leo nimefunga mafuta ya mashine ya kusaga, na mashine haikuzima.

Kibao cha ukutani kinasema: FUNGA MAFUTA, MASHINE ITAZIMA. Nilikiandika mimi mjomba wenu, na hapa Issuna hakuna mwenye herufi nzuri kunizidi, japo niliishia darasa la nne.

Sasa kanga ya dada yangu Zaina ikanaswa na mkanda wa mashine. Nikaruka magunia ya mtama kama swala, nikafunga mafuta.

Mkanda ukaendelea kuvuta, polepole, kanga ikimkaza shingo.

Mjane wa marehemu fundi aliyekuwa akiendesha mashine hii alikuwa kwenye foleni. Akaniambia kwa utulivu, "Msalimie. Mume wangu hakuwahi kumzimia mashine mtu asiyemwamkia."

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Ikazima. Zaina akapumua.

Basi nikachukua rangi, nikasahihisha kibao: FUNGA MAFUTA, KISHA TOA SHIKAMOO. Si ni lazima maandishi yafuate mashine inavyofanya?

Mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Ndugu, futa ushirikina huo. Mimi siamkii chuma."

Akaiwasha, kisha akafunga mafuta mwenyewe, mbele ya watu wote.

Naandika haya nikiisikia bado inasaga, na ndani hamna hata punje. Mwenyekiti amesimama mbele yake, jasho linamtoka, kofia ameivua.

Midomo yake imeanza kucheza.

Jamani, nimsaidie kuamkia, au nimwache?