Neige Yenye Nilitengeneza ku Studio

Jameni, naweza kubaelezea hii habari leo juu haya imeanza kupunguka kidogo, mais zile siku za kwanza nilikuwa napita njia ya nyuma, kati ya mashamba ya maharagi, ili nisikutane na mutu hata mumoja wa Bulengera, quartier yetu ya Butembo, na hata ku kanisa nilitoka ku mustari wa mbele wa chorale nikaenda kuimbia nyuma ya ile mama munene wa alto, njo batu basijue kama niko. Muceke tu. Mimi mwenyewe sasa naceka.

Niko na ndugu yangu mudogo, Muhindo, mwanaume mumoja tu mu nyumba ya bamabinti bane, na mimi Masika njo mukubwa wa bote. Muhindo alienda Bulaya, ku Belgique, kusoma, na mbele ya kwenda alikuwa amekwisha kuchumbia Katungu, binti ya Prof Kambale wa Oicha. Mbuzi ya mahari tulipeleka, batu bakakula, bakacheza, kila kitu muzuri. Huyu Prof alifundisha géographie mpaka retraite, na hata leo ukimusalimia tu "Habari, Prof?" anatazama kwanza mawingu njo anajibu.

Sasa mufanyabiashara fulani akatoka Kampala, akasema mu soko, mbele ya batu, na ule mudomo wake, eti amemuona Muhindo kule, anauza biatu. Bongo, uongo mutupu! Mais bongo inapanda pikipiki, kweli inatembea na miguu: juma halikuisha, habari ilikuwa imekwisha kufika Oicha.

Prof akakuya yeye mwenyewe, mwezi wa kumi na moja. Akaketi mu salon yetu, akakunywa chai yake polepole, akaweka kikombe chini.

"Masika, binti yangu, mi hapana sikiliza ya soko. Nauliza kitu kimoja tu: kule Belgique, wakati huu, neige, ile theluji nyeupe, imekwisha kuanza kuanguka?"

Njo hapa. Njo hapa nilijipoteza. Ningesema "Prof, sijue, tumupigie Muhindo tumuulize," mambo ingeisha. Mais Mama alikuwa ananitazama (Mama, mujane, mwenye bamama ba kanisa balikuwa banamuulizia kila siku ya Mungu "Na ule mutoto wako wa Kampala?" wakijifanya banakosea), na mudomo wangu ukafunguka peke yake.

"Neige? Eh, Prof! Inamufika ku magoti!"

Na mukono ukaonyesha magoti, kisha, sijue juu ya nini, ukapanda mpaka ku kiuno.

Prof akafurahi, meno yote inje. "Voilà! Climat tempéré! Baridi kali, neige! Miaka yote nilifundisha batoto hivyo. Donc ku Noël tutakuya sisi bote, na Katungu, utatuonyesha picha yake mu neige, na ile maneno ya Kampala tutaizika."

Alipotoka tu, nikapigia Muhindo.

"Yaya, dada, neige gani?" akaceka. "Niko na chemise hapa. Benyeji banashangaa, banasema huu wakati wa baridi umesahau kazi yake. Baridi ya hapa ni kama ile ya Alimbongo asubuhi, na bado Alimbongo inashinda."

"Mais itaanguka mbele ya Noël?"

"Météo inasema pengine, kidogo, kule ku milima. Pengine hapana."

Nikashika ile "pengine" kama mutu mwenye kuanguka mu muto anashika tawi. Kuanzia ile siku, batu bakiniletea bitenge nibashonee, nilikuwa napima kiuno na mukono moja, ule mwingine uko ku téléphone natazama météo ya Belgique. Leo pengine. Kesho mvua. Kesho kutwa jua (jua! mwezi wa kumi na mbili!). Nilishona robe ya mama pasteur na mukono wa kushoto murefu kupita wa kuume, juu ile siku walikuwa bamesema kutakuwa "quelques flocons", neige kidogo tu, na moyo wangu ulikuwa mbali. Siku ya tatu ya juma, mu maombi, nilifunga macho nikalia kwa sauti, "Bwana, angusha kitu cheupe! Angusha, Baba, kabla ya Noël!" na bamama bote bakaitika amina kwa nguvu, bakidhani naomba robe ya ndoa, juu mi na miaka yangu yote bado sijaolewa. Kisha maombi bakanikumbatia mumoja mumoja. Nilikufa na haya, mais nikakubali, aksanti, aksanti, Mungu ataona.

Mungu aliona, mais hakuangusha kitu.

Siku tatu mbele ya Noël, nikakata shauri. Nikaenda ku studio ya Djo, kijana mwenye anatengenezaka picha za ndoa ku ordinateur, nikamuambia, "Djo, nitilie ndugu yangu mu neige."

"Neige ya namna gani?"

"Ya mingi."

Picha ya Muhindo yenye nilikuwa nayo, yenye sura inaonekana muzuri, ilikuwa ya siku ya diplôme yake, na shavu moja lilikuwa limejaa mandazi. Djo akakata kichwa, akakibandika ku mwili wa muzungu moja munene wa koti nyekundu, mu neige yenye hata mwisho wake hauonekani. Courant ya umeme ilikuwa inaenda-inarudi, donc tulifanya mbio mbio. Nyuma, mbali kidogo, nikaona kitu kifupi, cheusi na cheupe.

"Na huyu?"

Djo akainama ku écran. "Pengine ni mutoto, bamemuvalisha costume ya Noël."

Nikasema kweli, Bulaya banavalishaka batoto muzuri. (Muceke. Muceke tu, nangojea.) Akaitoa kubwa, mu cadre. Mama alipoiona alilia. Akasema, "Mutoto wangu amenona," akaitundika pa salon, katikati ya Yesu na kalendari.

Noël ikafika. Prof akatoka Oicha na bibi yake, na Katungu, na wajomba babili, njia ilikuwa imetulia, Nyamuhanga asifiwe. Salon ikajaa, batoto ba jirani bakajaa ku dirisha. Nyama ya mbuzi, sombe, bugali, wali, kila kitu ku meza. Prof hakutazama chakula. Akaenda moja kwa moja ku cadre, akavaa miwani. Akatazama kichwa. Akatazama koti. Akasogea. Akavua miwani, akaipangusa ku shati, akaivaa tena.

"Masika," akasema polepole, "simama."

Nikasimama. Sauti ilikuwa ile ya darasa, miguu ilisimama yenyewe.

"Huyu nyuma ni nani?"

"Ni… ni mutoto wa jirani yake, Prof. Amevaa costume."

"Huyu ni manchot, Masika. Ni ndege. Manchot anaishi wapi?"

"Ku… Belgique?"

"ANTARCTIQUE!" Bilauri bikalia ku meza. "Pôle Sud! Kule hakuna masomo, hakuna batu, hakuna hata majani! Donc binti yangu ataolewa na mutu wa Pôle Sud?"

Batoto ku dirisha bakaanguka chini na kiceko. Hata mujomba moja alijificha nyuma ya kitambaa chake, mabega yanatetemeka. Mais Katungu hakuceka. Akainamisha kichwa, nikaona machozi inaanguka ku kitenge chake, chenye nilimushonea mimi mwenyewe, na pale kiceko changu cha woga kikakauka.

Prof akashika kofia. "Mama, mutusamehe. Tutarudisha mbuzi."

"Masika!" Mama akaniita, sahani iko mu mukono, "sema kitu!"

Nikafungua mudomo niseme kweli yote, studio, Djo, mandazi, yote, na hata neno la kwanza halijatoka, téléphone yangu ikalia. Muhindo. Vidéo. Nikashika, na yee pale, anang'aa, "Joyeux Noël familia!", na chemise ya mikono mifupi, jua ku uso, nyuma yake majani ya kijani kama ya uwanja wa mupira.

Prof akaninyang'anya téléphone. "Hiyo ni Kampala!"

"Shikamoo, Prof. Hapana, niko Belgique."

"Na chemise? Mu mwezi wa kumi na mbili?"

"Prof, baridi imekataa huu mwaka. Neige haiko. Nilimuambia Yaya tangu zamani."

Macho yote ikageuka kwangu. Ningejua kuchimba, ningechimba ciment.

Sura ya Prof ikabadilika, kama mutu mwenye amekumbuka kwenye aliweka ufunguo. "Kwenu ni saa ngapi?"

"Midi, Prof, saa sita ya muchana."

"Simama mu jua. Unionyeshe kivuli chako!"

Muhindo hakuelewa, mais akageuza téléphone chini. Batu! Kivuli kilianza ku biatu vyake, kikaenda, kikaenda, kikapita majani, kikapanda ku ukuta wa jirani, kirefu kama muti wa eucalyptus. Prof akatoka mbio mu kiwanja na kofia yake, sisi bote nyuma, akasimama mu jua la Butembo, akaonyesha chini: kivuli chake kilikuwa kifupi, kimejikunja pale karibu na biatu kama mubwa mwenye kulala.

"Kampala ni kama hapa!" akalia, anaruka-ruka, muzee wa retraite! "Kule jua la midi linasimama juu ya kichwa! Hili jua lake liko chini, chini kabisa! Ni kaskazini! Ni kaskazini ya mbali! Katungu, bwana yako iko Bulaya!"

Sikuwahi kuona Noël kama ile. Batoto banapima bivuli, bajomba banapima bivuli, Mama na sahani yake bado mu mukono anazunguka kutafuta kivuli chake, Katungu ameshika téléphone anaceka na kulia mara moja.

Prof alirudia mara moja tena kumuuliza Muhindo neige imeenda wapi, na Muhindo akapatia téléphone bibi moja muzee, jirani yake, mwenye alikuwa anaanika nguo inje. Akamuambia Prof mu kifaransa kama alipokuwa mutoto neige ilikuwa inafikaka ku dirisha lake, na sasa inakuya siku mbili, inaenda, na huu mwaka hata haijabisha hodi; akaonyesha ua la rose limefunguka ku mulango wake, ku Noël. Prof akavua kofia kusikiliza.

"Madame," akasema, "na sisi pia. Nilipokuwa mwanafunzi ku Beni, asubuhi ya mwangaza tulikuwa tunaona nzururu, neige yetu, juu ya mulima Ruwenzori, nyeupe, nyingi. Sasa natafuta na macho mpaka inauma." Akarudisha téléphone. "Kitabu changu kimezeeka," akasema kwa sauti ya chini, "na mimi nilikuwa nataka kurudishia batu mbuzi juu yake."

Kisha akanigeukia, nikadhani mambo yangu imesahauliwa. Hapana. Akanisimamisha pale mu kiwanja, mbele ya bote, nikarudilia mara tatu, kwa sauti: "Manchot anaishi Antarctique." Batoto banahesabu. Cadre akaibeba Oicha, ananiambia ataonyesha bajukuu bake, na tangu ile siku Bulengera yote inaniita Madame Manchot, hata bateja bangu, hata pasteur siku moja ku mimbari, akajisahau.

Mama alikaa juma nzima ananisalimia na kichwa tu. Ndoa itakuwa Muhindo akirudi, na robe ya Katungu nitashona mimi, mikono miwili sawasawa, nimeapa. Na kitu kingine nimeapa: mutu akiniuliza habari ya fasi yenye sijafika, hata akiwa mukwe, hata Mama akinitazama na yale macho, nitameza mate, nitasema, "Sijue." Ni neno fupi, halinaka uzito mu mudomo, na sielewe mpaka leo juu ya nini lilinishinda kulitoa.